Daraja la Kulipia na Daraja la Bure

Dar es Salaam ina madaraja mawili mapya yaliyojengwa juu ya maji ya chumvi. La kwanza ni Daraja la Nyerere, mita 680 kutoka Kurasini hadi Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016. La pili ni Daraja la Tanzanite, kilomita moja na ushee, linaloanzia upande wa Hospitali ya Aga Khan na kuibukia Coco Beach, lililofunguliwa Machi 2022. Ukifika la kwanza unapanga foleni kwenye kibanda, unashusha kioo, unalipa. La pili unapita tu.

Watu wa Kigamboni hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaonyesha tofauti hiyo. Daraja la kulipia linaelekea Tungi, Kibada na Mjimwema, kwa watu ambao wengi wao walihamia huko wakifuata viwanja vya bei nafuu na kodi ya chumba isiyoumiza. La bure linaelekea Oysterbay na Masaki, mitaa ya mabalozi na kuta ndefu. Walilalamika mitaani, malalamiko yakafika bungeni, na mwaka 2022 tozo zikapunguzwa na kukawekwa utaratibu wa kulipa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Zilipunguzwa, hazikufutwa.

Suala lenyewe limelizidi daraja. Kitu kinachotumiwa na umma alipie nani: anayekitumia, mwenye uwezo, au anayefaidika nacho hata kama hajakikanyaga? Makala haya yanawakalisha watu wanne kwenye benchi la muuza kahawa, Kurasini, waligombanie. Watu wenyewe wamebuniwa. Hoja zao zinasikika kila siku kwenye daladala, bungeni na vijiweni, na takwimu wanazorushiana ni za kweli.

Anaanza dereva wa bajaji, kwa kuwa ndiye aliyelipa leo asubuhi.

"Mimi nina swali moja tu," anasema. "Mtu anatoka Masaki na V8 yake, yuko peke yake ndani na kiyoyozi, anakwenda Posta. Daraja bure. Mimi natoka Kibada na abiria watatu, nawapeleka Mtoni kwa Azizi Ali. Nalipa. Nikirudi, nalipa. Jioni bosi anataka hesabu yake kamili, habari za daraja hazimhusu. Haki hapo iko wapi?"

Mchumi, mwenye miwani na kalamu mfukoni, anamjibu kwa utulivu wa mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi. "Kaka, daraja lako halikujengwa na Serikali peke yake. Zimetumika zaidi ya shilingi bilioni 200. Serikali ilitoa asilimia 40, NSSF ikatoa asilimia 60. NSSF si Hazina. Ni mfuko wa pensheni za watu. Hela yao lazima irudi, na mlango wa kurudia ni kile kibanda."

"Watu gani hao?"

"Mimi hapa," anasema mzee aliyekuwa kimya pembeni.

Mzee huyu ni mstaafu. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha nguo Mwanza, akikatwa mshahara kila mwezi tangu mfuko ukiitwa NPF. Ulipokuwa NSSF alikatwa asilimia 10, na mwajiri akawa anaweka nyingine 10. Sasa anakaa kwa mwanawe Keko na anaishi kwa pensheni. "Miaka yote niliyokatwa sikuwahi kuiona Kigamboni hata kwa picha," anasema. "Wala hakuna aliyekuja kuniuliza kama nataka hela yangu ikajenge daraja. Lakini ikajenga. Leo wewe mwanangu unataka uvuke bure. Nani anilipe? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni."

Dereva anakuna kidevu. "Shikamoo mzee," anasema, na benchi zima linacheka, kwa sababu salamu imechelewa na imekuja kama mtu anayeomba suluhu.

Hoja ya mzee ndiyo ngumu kuliko zote katika mgogoro wa Kigamboni, na mara nyingi wanaodai tozo ifutwe wanairuka. Ukisema "futeni" bila kusema nani atajaza pengo, unawaambia wafanyakazi wa Mwanza, Arusha na Mbeya wasamehe deni lao. Lakini hoja hiyo ina tundu. Daraja la Tanzanite lilijengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini pamoja na fedha za Serikali, na mkopo huo unalipwa na Hazina, yaani unalipwa na kila anayenunua sabuni nchini. Kumbe kilichowatenganisha mtu wa Kibada na mtu wa Masaki si aina ya daraja, wala foleni, wala umuhimu wa safari. Ni mkoba uliochaguliwa. Huko ofisini, kabla ya nguzo ya kwanza kuzama, iliamuliwa kwamba daraja moja litoke kwenye akiba ya wafanyakazi na jingine litoke kwenye deni la Taifa. Baada ya hapo kila kitu kilijiendea.

Mchumi haikubali hitimisho hilo kirahisi. "Usilifanye jambo hili kuwa la matajiri na maskini tu," anasema. "Kumtoza anayetumia ni kanuni ya siku nyingi. Adam Smith aliitetea mwaka 1776: gari lilipie daraja kwa kadiri ya uzito wake, kwa sababu kwa uzito huo ndivyo linavyolichakaza, na magari ya anasa yalipe zaidi. Faida yake ni kwamba mkulima wa Newala hamlipii mtu wa Dar foleni yake."

"Basi yalipe," anadakia dereva. "Si umesema ya anasa yalipe zaidi? Wekeni kibanda Coco Beach."

"Hakitafanya kazi. Pembeni ya Tanzanite kuna daraja la zamani, Salenda, na halina tozo. Ukiweka kibanda kwenye jipya, wote wanarudi Salenda. Foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi inarudi palepale, na atakayeumia ni abiria wa daladala la Mwenge. Yule wa Masaki akipita Tanzanite anampisha."

Dereva anafikiri kidogo. "Kwa hiyo wao hawalipi kwa kuwa wana pa kukimbilia. Sisi tunalipa kwa kuwa hatuna."

Mchumi anavua miwani, anaifuta. "Kwa hesabu za mapato, ndiyo."

Jibu hilo lingestahili kuandikwa kwenye kila kitabu cha bajeti. Kigamboni inatenganishwa na katikati ya mji na maji, na asiyetaka daraja ana njia mbili: kuzungukia Kongowe kwa barabara, au kupanda pantoni Magogoni. Pantoni nayo inalipiwa, Sh 200 kwa mtu. Nauli ilikuwa Sh 100 mpaka mwanzoni mwa 2012, na ilipopandishwa wakazi wakapiga kelele. Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, aliripotiwa akiwaambia kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi. Kauli hiyo ilimfuata kwa miaka. Mombasa, nchini Kenya, kwenye kivuko cha Likoni, mtembea kwa miguu havuki kwa nauli; magari ndiyo yanayolipa. Cha kuchekesha, hata kwenye Daraja la Nyerere mtembea kwa miguu hatozwi. Kwa hiyo mama mwenye beseni la dagaa anayetaka kufika soko la Feri akivuka kwa pantoni analipa, na akitaka kuvuka bure inabidi azunguke mpaka Kurasini, alivuke daraja kwa miguu, kisha aanze safari nyingine ya kurudi mjini. Kanuni ya kumtoza anayetumia imetekelezwa nchi mbili, vivuko viwili na daraja moja, na kila mahali imetoka na sura yake.

Nairobi nako kuna mfano wa kinyume. Barabara ya juu inayotoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, iliyoanza kutumika 2022, inalipiwa, na aliyeijenga amepewa miaka 27 ya kurudisha fedha zake kwa tozo. Chini yake barabara ya zamani ipo, na matatu inapita bila kulipa. Mwenye haraka na hela anapanda juu. Kuna mengi ya kulalamikia kwenye mradi ule, lakini kuhusu nani analazimika kulipa, abiria wa kawaida wa Nairobi ana nafuu ambayo dereva wa Kibada hana.

Mtu wa nne kwenye benchi ni mama fundi cherehani, mpangaji wa vyumba viwili Tandika. Amekuwa akisikiliza huku anakunywa kahawa yake chungu. "Nyie mnalia na daraja," anasema. "Daraja unaweza kukaa siku nzima usilivuke. Mimi natozwa nikiwasha taa."

Anatoa simu na kuwaonyesha ujumbe wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme: ilianza na Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi Sh 1,500. Mteja wa kawaida anayelipa Sh 292 kwa uniti kabla ya VAT na makato mengine, akinunua umeme wa Sh 10,000, anapata uniti 28. Ununuzi wa kwanza wa mwezi unakatwa ile 1,500, zinabaki 8,500. Humo ndani mna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na ya mdhibiti, EWURA, asilimia 1. Mwisho wa hesabu anabaki na uniti kama 24. Uniti nne za cherehani ya umeme na pasi zimekwenda kulipia nyumba isiyo yake.

"Tuko wapangaji wanne kwenye mita moja," anaendelea. "Tunanunua kwa zamu. Mwezi ukianza kila mtu anaumwa, kila mtu amesafiri. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, maana wa kwanza ndiye anakatwa. Mwenye nyumba yuko Tabata, anakula kodi ya chumba, na kodi ya nyumba yake namlipia mimi."

Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji anatakiwa amalizane naye, apunguziwe kwenye pango. Mama fundi anaijua sheria hiyo vizuri, na anamjua vizuri zaidi mwenye nyumba wake, ambaye akiletewa habari za Sh 1,500 atauliza kama kuna mtu anataka kuhama.

"Lakini dada yangu," anasema mchumi, "zamani bili za kodi ya majengo zilikuwa zinatembezwa nyumba kwa nyumba. Wengi walizikwepa, wengine hazikuwafikia kabisa, na kuzikusanya kwenyewe kulikula pesa. Sasa shilingi inaingia bila mtu kubisha hodi. Hilo nalo lina thamani, kwa sababu ni hela ya zahanati na shule."

"Wamekwepa wao, nikakamatwa mimi."

Halafu kuna kiwango chenyewe. Nyumba ya kawaida ni Sh 18,000 kwa mwaka. Iwe ni ya matofali ya kuchoma bondeni Tandika, iwe ni ya chini yenye bustani na bwawa la kuogelea Oysterbay, maadamu haina ghorofa ni 18,000. Ghorofa ndiyo inapanda, Sh 90,000 kwa mwaka. Mzee mstaafu anaguna. Kwake kiwango cha namna hiyo si kigeni. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, rupia 3 kwa kila kibanda cha shamba, bila kuuliza ndani yake mna nini, na chuki iliyozaliwa humo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Majimaji mwaka 1905. Baada ya hapo ikaja kodi ya kichwa kwa sura zake mbalimbali, mpaka ile iliyoitwa kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003. "Tulikuwa tunatembea na risiti mfukoni kama kitambulisho," anakumbuka. "Ukikutwa na mgambo huna risiti, utakimbilia migombani. Mwenye ng'ombe mia na asiye na kuku, kodi ilikuwa moja."

"Sasa hivi hakuna kukimbilia migombani," anasema mama fundi. "Mgambo yuko ndani ya mita."

Kwa mwandishi wa makala haya, sentensi hiyo inabeba nusu ya mjadala. Tukitazama kodi na tozo zilizobuniwa nchini miaka ya karibuni, nyingi zimewekwa mahali ambapo mlipaji hana pa kupenya: kwenye mita, kwenye pampu ya mafuta, kwenye simu. Tozo ya miamala iliyoanza Julai 15, 2021 ilikata kuanzia Sh 10 hadi Sh 10,000 kwa muamala. Ilileta kelele kiasi kwamba ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, ikapunguzwa tena 2022, na mwaka 2023 ile ya kutuma pesa ikaondolewa. Serikali ilieleza kwamba fedha zile zilijenga vituo vya afya na madarasa, na kweli majengo yapo. Swali la mama fundi halihusu majengo. Anauliza kwa nini yajengwe kwa elfu kumi anayomtumia mama yake Songea.

Kwenye pampu ya mafuta ndiko hadithi inakonoga, na dereva anaifahamu kwa senti. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari. Wenye magari walishangilia. Ada ile ilikuwa inapangwa kwa ukubwa wa injini, na pengo lake lilizibwa kwa kuongeza ushuru wa Sh 40 kwa kila lita ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa.

"Mafuta ya taa?" anauliza mzee, kana kwamba hajasikia vizuri.

"Mafuta ya taa, mzee wangu. Mwenye kibatari alichangia leseni ya mwenye V8."

Mchumi anajitetea, na utetezi wake una ukweli ndani yake. Kabla ya 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa Sh 52 kwa lita, mdogo mno ukilinganisha na wa dizeli, na wafanyabiashara wakawa wanayachanganya. Uchakachuaji uliua injini za watu na kuiibia Serikali. Ndipo ushuru ukapandishwa mwaka 2011 hadi Sh 400 na senti kadhaa. Tangu hapo mafuta hayo hayaachwi yabaki nyuma, maana yakiachwa tu mchezo unarudi. "Hakuna aliyekaa akapanga kumkomoa mwenye kibatari," anasema.

"Sijasema walipanga," anajibu mama fundi. "Nasema yeye ndiye alilipa. Mchakachuaji alikuwa na lori. Kibatari hakichakachui."

Baada ya 2017 pampu iliendelea kubeba mizigo. Tozo ya barabara iliongezwa Sh 100 kwa lita mwaka 2021, zikielekezwa kwenye barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Mwaka 2023 ikaja Sh 100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa kama reli ya SGR na bwawa la Julius Nyerere. Dereva wa Kibada hajapanda treni ya umeme, nauli ya Sh 13,000 mpaka Morogoro ni karibu hesabu ya siku, lakini anaijenga kila akijaza tangi. Hilo halimuudhi sana. Kinachomuudhi ni malori.

"Mimi na bajaji yangu tunaharibu barabara gani? Angalia pale kwenye taa, lami imevimba kama maandazi. Nani ameivimbisha?"

Hapa sayansi iko upande wake, na mchumi, kwa uungwana wake, ndiye anayeieleza. Kati ya 1958 na 1960, kwenye vipande vya barabara walivyovijenga Illinois, Wamarekani walizungusha malori mchana na usiku kuona vinakufa namna gani. Matokeo yake ndiyo yanayoongoza wahandisi hadi leo: uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito ulio juu ya ekseli. Ekseli iliyobeba mara mbili huumiza barabara mara 16. Iliyobeba tani 10, ukiilinganisha na ya tani 1, huumiza mara 10,000. Sasa lori zito linakunywa mafuta mara tano au sita ya gari dogo kwa umbali uleule. Kwa hiyo kwenye tozo ya lita linalipa mara tano au sita, na kwenye lami linaacha madhara ya maelfu.

Mizani ya kupimia malori, ya Vigwaza na kwingineko, ipo kuzuia kuzidisha uzito. Lori lisilozidisha halina kosa, lakini bado linakula barabara kuliko linavyoilipia. Pengo linalobaki linafidiwa na wenye vyombo vidogo.

"Ulitoze lori," anasema mchumi, "halafu uone bei ya unga na mafuta ya kula. Lori halilipi kodi, dada. Anayelipa ni anayenunua mzigo."

"Mzigo mwingine si wetu," anasema mzee. "Unakwenda Tunduma, unaingia Zambia, unakwenda Kongo. Shaba ikishuka bandarini, nani anakula unga wa shaba?"

Mchumi anacheka, anakubali kwamba hapo mzee kamshika.

Ingekuwa rahisi kufikia hapa na kusema watu hawa hawataki kulipa, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mama fundi anaharibu dhana hiyo. Anairudia risiti yake ya LUKU na kuweka kidole kwenye mstari wa REA, asilimia 3. Fedha hiyo inapeleka umeme vijijini. Yeye haitumii, umeme wa Tandika ulikuwepo kabla hajahamia. "Hii sijawahi kuilalamikia," anasema. "Kwa mama Songea umeme umefika. Nguzo nimeziona kwa macho yangu. Nilipe hata nne."

Mzee naye anakumbusha Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Viktoria, lililofunguliwa Juni 2025 kwa fedha za Serikali. Wagonjwa wa Sengerema walikuwa wakisubiri kivuko usiku kucha. "Wewe kijana umelijenga lile kwa petroli yako, na huna habari," anamwambia dereva. "Hukulalamika."

"Sikujua."

"Na ungejua?"

"Ningesema lijengwe. Ila na mimi langu lilipwe na Hazina kama lile."

Kumlipia mwenzako barabara asiyoipita wewe si kitu kigeni kwa watu hawa. Wanachokikataa ni kupangiwa kanuni tofauti kila mara. Leo unaambiwa alipe anayetumia, kwa hiyo daraja ni lako. Kesho unaambiwa Taifa ni moja, kwa hiyo uchangie reli. Keshokutwa unaambiwa kodi ni ya mwenye mali, halafu inakatwa kwa asiye na mali. Kanuni zote tatu zina utetezi wake. Zikichanganywa kwa kufuata mahali ambapo pesa inakusanyika kwa urahisi, asiye na upenyo ndiye anayekutwa na zote tatu.

Kuna mtu wa tano ambaye hakuja kwenye benchi hili, na haji kamwe kwenye mijadala ya namna hii. Ni yule aliyenunua ekari kadhaa Kigamboni kabla ya nguzo za daraja kusimama, akazizungushia waya, akaacha nyasi ziote. Hakulipa tozo, hana gari upande ule. Hakulipa kodi ya majengo, hana jengo. Kama kiwanja kimepimwa anadaiwa pango la ardhi, linalohesabiwa kwa ukubwa na matumizi. Daraja jipya halipandishi pango kama linavyopandisha bei kwa dalali. Siku daraja lilipofunguliwa, bilioni zaidi ya 200 za wastaafu na walipakodi ziliingia kwenye thamani ya nyasi zake.

"Akiuza atalipa asilimia 10 ya faida," anasema mchumi.

"Akiuza kwa hati," anasema dereva. "Huko kwetu watu wanauziana kwa karatasi ya serikali ya mtaa, na bei inayoandikwa wanaijua wenyewe. Na wengine hawauzi. Wanasubiri barabara nyingine."

Mchumi haoni kosa kwenye hoja hiyo, na anakiri kwamba wachumi wa kushoto na wa kulia, ambao hawaelewani karibu kwa lolote, wanaelewana kwenye hili: ardhi ndicho kitu kisichoweza kukimbia kodi, na kuitoza hakumzuii mtu kufanya kazi. Kama hata nusu ya kile ambacho daraja liliongeza kwenye viwanja vya Tungi, Kibada na Mjimwema ingerudishwa kidogo kidogo kwa mwaka, mzee angelipwa pensheni yake na dereva angepita bila kusimama. Kinachokosekana ni vipimo vya viwanja, orodha ya thamani inayosasishwa, na wanasiasa walio tayari kuwaudhi wenye viwanja. Makala haya hayana shaka kwamba kati ya hivyo vitatu, cha mwisho ndicho adimu.

Mjadala huu hauishii Kigamboni. Serikali ina mpango wa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro, kwa ubia na sekta binafsi. Ndiyo njia ya malori mengi ya Zambia na Kongo, na ya mabasi mengi ya bara. Safari hii mkoba bado haujafungwa, na dereva, ambaye ana ndugu Mlandizi, tayari ana masharti. Barabara ya zamani ibaki wazi na itengenezwe, isiachwe ife ili watu wafukuziwe kwenye ya kulipia. Semitrela ilipe kwa ekseli na bajaji isitajwe kabisa. Viwanja vitakavyopanda bei pembeni ya njia vichangie.

"Na mkataba usomwe kabla ya kusainiwa," anaongeza mama fundi.

"Utausoma?" anauliza mchumi.

"Nitausoma. LUKU nimejifunza kuisoma mwenyewe, hakuna aliyenifundisha."

Mzee anataka kujua kama fedha za mradi huo zitatoka NSSF. Mchumi anasema mwekezaji atakuja na zake. Mzee anauliza mwekezaji atazirudisha kwa miaka mingapi, na magari yakiwa machache kuliko yalivyokadiriwa nani atamfidia. Mchumi anaanza kueleza habari za dhamana ya Serikali, na dereva, aliyekwisha kusimama kumfuata abiria, anarudi kukaa.